Uso Unaovimba Asubuhi: Figo za Mtoto Zinavyofanya Kazi na Zinavyougua

Mtoto wa miaka mitatu anaamka macho yamevimba. Mama anasema kaumwa na mbu, bibi anasema kalala sana. Kufika saa sita mchana uvimbe umepungua, mtoto yuko uani anacheza, na habari inaishia hapo. Kesho yake macho yamevimba tena. Baada ya wiki mbili suruali yake haifungi kiunoni, miguu imejaa, na jirani anapita anamsifu mama: "Hongera, mwanao kanawiri." Sifa hiyo huniumiza kila ninapoisikia, kwa sababu mara nyingine mtoto anayesifiwa hajanawiri hata kidogo. Amejaa maji, na maji hayo yameanzia kwenye figo.

Siku hizi tunazungumza sana juu ya figo. Vijiweni, misibani, kwenye makundi ya WhatsApp, kila mtu anamjua mtu anayesafishwa damu. Lakini mazungumzo hayo karibu yote ni ya watu wazima: presha, kisukari, pombe, vinywaji vya kuongeza nguvu. Mtoto akiingia humo huingizwa kwa maneno mawili ya kutisha, "figo zimefeli," kana kwamba hakuna hatua nyingine kabla ya hiyo. Mwaka 2016 Siku ya Figo Duniani, inayoadhimishwa kila Alhamisi ya pili ya Machi, ilielekezwa kwa watoto, ikihimiza hatua za mapema. Dhana hiyo bado ipo.

Tuanze na maneno, maana hapo ndipo mkanganyiko unapozaliwa. "Ugonjwa wa figo" ni jina la jumla, kama tunavyosema "homa". Chini yake kuna magonjwa mengi, mengine yanapona kabisa. "Figo kushindwa kufanya kazi" ni kitu kimoja tu kati ya hayo: uwezo wa kusafisha damu umeshuka sana. Na kushindwa huko kuna namna mbili. Kuna kushindwa kwa ghafla, kunakokuja kwa saa au siku chache, na ambako mara nyingi figo huamka tena chanzo kikitibiwa mapema. Kuna kushindwa sugu, kunakojengeka kwa miezi na miaka, na ambako sehemu iliyokufa hairudi. Mtoto anayeamka macho yamevimba anaweza kuwa na ugonjwa wa figo huku damu yake bado inasafishwa vizuri kabisa. Huyo figo zake hazijafeli. Zinavuja, na kuvuja ni jambo jingine.

Ili kuelewa kuvuja, fikiria kifumbu cha kukamulia nazi. Tui linapita, machicha yanabaki. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja, vinaitwa nefroni. Damu inapopita, maji, chumvi na taka hupenya kwenye tundu zake, chembe za damu na protini hubaki kwa sababu ni kubwa. Ila kifumbu cha figo kina kazi ya pili ambayo kifumbu cha jikoni hakina. Kwa siku moja figo za mtu mzima huchuja lita zipatazo 180, na bado anakojoa lita moja na nusu hivi. Zilizobaki zimerudi kwenye damu. Ni kama mama anayesafisha chumba kwa kutoa vyombo vyote nje: kitanda, kabati, masufuria, hata picha za ukutani. Kisha anarudisha ndani kimoja kimoja anachokihitaji, taka anaziacha uani. Mkojo ni kile ambacho figo zimeamua kutokirudisha.

Zaidi ya usafi, figo hupanga kiwango cha presha, hutoa homoni inayouamrisha uboho utengeneze damu, na huikamilisha vitamini D ili mifupa ishike madini. Ndiyo maana mtoto mwenye ugonjwa sugu wa figo anaweza kuletwa kliniki kwa sababu haongezeki urefu, au ana upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini ya chuma, au ana matege yanayozidi, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuutilia shaka mkojo wake.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mzazi, na kila mhudumu wa zahanati, alishike: figo za mtoto si figo za mtu mzima zilizofanywa ndogo. Nefroni zote huundwa tumboni mwa mama, kazi hiyo ikikamilika karibu na wiki ya 36 ya ujauzito. Baada ya hapo haziongezeki idadi maisha yote, hukua tu ukubwa. Kwa hiyo mtoto njiti huanza maisha na akiba ndogo zaidi, na anastahili kupimwa presha na mkojo kadiri anavyokua hata kama anaonekana mzima. Hata aliyezaliwa kwa wakati, figo zake huchuja polepole mwanzoni, na hufikia nguvu kamili kulingana na umbo lake akiwa na miaka miwili hivi. Wale wanaompa mtoto wa miezi miwili maji "yamsafishe figo" wanamfanyia kinyume. Figo changa haziwezi kuyatoa haraka maji ya ziada, chumvi ya damu inazimuliwa, na mtoto anaweza kupata degedege. Kabla ya miezi sita, maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji, hata Dar es Salaam mwezi wa Februari.

Tofauti hiyo inaonekana wazi kwenye karatasi ya maabara, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu moja. Kipimo kikuu cha figo ni kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli. Misuli mingi, kreatinini nyingi. Mtoto ana misuli kidogo, kwa hiyo kiwango chake cha kawaida ni cha chini sana. Lakini karatasi nyingi za majibu zimechapishwa viwango vya mtu mzima. Chukua mtoto wa miaka miwili, urefu sentimita 85, kreatinini yake imesomeka maikromoli 88 kwa lita. Kwa mwanamume wa miaka thelathini hiyo ni namba ya kawaida, na mashine haitaweka alama yoyote. Kwa mtoto, madaktari huzidisha urefu wake kwa 36.5, kisha wanagawanya kwa kreatinini: 85 mara 36.5, gawanya kwa 88, unapata 35. Kawaida ni 90 na kuendelea. Mtoto huyu amebakiwa na kama theluthi moja ya nguvu ya figo, na karatasi inasema yuko sawa. Mzazi akiuliza tu, "Je, hiki ni kiwango cha umri wake?" ameuliza swali la maana kuliko mengi yanayoulizwa chumba cha daktari.

Turudi kwa mtoto wa macho yaliyovimba. Ugonjwa unaolingana zaidi na maelezo hayo huitwa nefrotiki. Huwapata sana watoto wa kati ya miaka miwili na sita, wavulana zaidi kuliko wasichana. Tundu za kifumbu zimelegea na protini inayoitwa albumini inapita kwenda kwenye mkojo. Albumini ni ndugu wa ute wa yai, na kila aliyepiga yai anajua ute ukitikiswa hufanya nini. Mkojo wa mtoto huyu hutoa povu jingi lisilokatika upesi.

Kwa nini anavimba? Kazi mojawapo ya albumini ni kuyashika maji ndani ya mishipa, kama sifongo. Ikipungua, maji hutoroka mishipani na kwenda kukaa kwenye nyama. Usiku mtoto amelala, maji husambaa hadi usoni, na ngozi ya kope ni nyepesi na legevu kuliko nyingine, kwa hiyo macho huvimba kwanza. Mchana akisimama na kukimbia, maji hushuka miguuni. Hapo ndipo familia inapodanganyika kuwa uvimbe umeisha. Bonyeza mguu wake mbele ya mfupa kwa kidole gumba, hesabu hadi tano, achia. Pakibaki shimo, hayo ni maji. Mafuta hayaachi shimo.

Kuna kosa jingine linalotokea hasa vijijini, na si la wazazi peke yao. Mtoto aliyevimba hudhaniwa ana kwashakoo, yaani unyafuzi, na mama anaambiwa ampe mayai, maziwa na samaki kwa wingi. Kweli magonjwa haya mawili yanafanana, kwa kuwa katika yote mawili albumini ya damu iko chini. Lakini wa unyafuzi mwili haupati chakula cha kutosha, kwa kawaida uvimbe huanzia miguuni, nywele hubadilika rangi na kunyofoka, ngozi hubanduka, mtoto ni mnyonge na hana raha. Wa nefrotiki anaipata albumini yake, ila anaikojoa. Kumlundikia mayai ni kujaza ndoo iliyotoboka. Anahitaji chakula cha kawaida cha umri wake, chumvi ipunguzwe, na tundu lizibwe. Kinachowatenganisha ni kijiti cha kupimia mkojo, kipande cha plastiki kinachochovywa kwenye kikombe na kubadilika rangi kwa dakika moja. Ni kati ya vipimo rahisi kabisa. Mtoto aliyevimba asiondoke kituo cha afya bila kupimwa mkojo, na mzazi ana haki ya kukiomba.

Watoto wengi wenye nefrotiki huitikia dawa ya prednisoloni, inayofanana na homoni mojawapo ya mwili, ndani ya wiki chache. Uvimbe hushuka, nguo zinarudi kumtosha. Shida ni mbili. Kwanza, ugonjwa una tabia ya kurudi, mara nyingi baada ya mafua au kikohozi cha kawaida, na kurudi kwake si ishara kwamba dawa imeshindwa wala kwamba kuna mkono wa mtu. Wengi huachana nao kabisa wakifika ujana. Pili, prednisoloni yenyewe huleta njaa kali na kuufanya uso kuwa wa mviringo. Jirani yule yule aliyesema kanawiri sasa anasema, "Hizo dawa ndizo zinamvimbisha, ziacheni." Zikiachwa ghafla ni hatari, maana wakati wa tiba mwili wa mtoto unakuwa umepunguza kutengeneza homoni yake ya aina hiyo hiyo, na unahitaji kushushiwa dozi taratibu ili uamke. Kingine ambacho familia zielezwe mapema: mtoto huyu kinga yake imeshuka. Homa pamoja na maumivu ya tumbo kwake ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, na chanjo zenye virusi hai, kama ya surua, daktari ndiye atakayesema zitolewe lini.

Si kila uvimbe ni nefrotiki. Mtoto wa shule ya msingi aliyeugua koo wiki mbili zilizopita, au aliyekuwa na vidonda vya ngozi vilivyochelewa kupona, anaweza kuamka na uso uliovimba kidogo na mkojo wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Bakteria wa koo au wa kidonda hawakufika kwenye figo. Kinga ya mwili iliyotumwa kupigana nao ndiyo iliyoacha mabaki kwenye vichujio, navyo vikawaka moto. Wengi hupona bila kovu, lakini katika siku zile za mwanzo presha inaweza kupanda hadi kuleta degedege. Kwa hiyo presha ya mtoto lazima ipimwe, kwa mkanda unaolingana na mkono wake. Ule mpana wa mtu mzima husoma chini na kutuliza watu bure.

Mkojo mwekundu hasa mwishoni mwa kukojoa, kwa mtoto anayeogelea madimbwini au mabondeni kwenye mpunga, una jina ambalo Unguja na Pemba wanalijua vizuri: kichocho. Kuna mahali ulizoeleka hadi ukahesabiwa kuwa sehemu ya kukua kwa mvulana. Si sehemu ya kukua. Mayai ya minyoo hukaa kwenye ukuta wa kibofu na mirija inayoshusha mkojo, na yakiachwa miaka mingi mirija huziba, mkojo ukarudi juu na kuharibu figo zilizokuwa nzima. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa mashuleni.

Kwa wavulana wachanga kuna kitu cha kutazama ambacho hakigharimu hata senti: namna anavyokojoa. Mkojo wa mtoto wa kiume unapaswa kuruka kwa nguvu, kila aliyewahi kubadilisha nepi ameloweshwa. Kama daima unadondoka tone tone, au mtoto anajikamua na kulia, huenda alizaliwa na kikuta chembamba ndani ya njia ya mkojo kinachozuia kutoka. Kila siku ya kuchelewa ni shinikizo kwenye figo. Wakati mwingine tatizo huonekana kwenye ultrasaundi ya ujauzito, na upasuaji mdogo hukiondoa. Wapo pia wanaozaliwa na figo moja, takriban mtoto mmoja kati ya elfu moja, na wengi wao huishi maisha marefu bila kujua. Mzazi anayeambiwa habari hiyo asianze kuomboleza.

Niingie kwenye kushindwa kwa ghafla, kwa sababu hapa ndipo vifo vinavyozuilika vilipo. Mtoto anaharisha na kutapika siku mbili. Damu inapungua mishipani, na mwili unaipeleka kwanza kwenye ubongo na moyo. Figo zinanyimwa, mkojo unakauka. Katika hatua hiyo maji ya ORS, au dripu, huziamsha. Kinachozimaliza ni yale tunayoongeza juu yake: sindano au vidonge vya maumivu vya jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo hubana zaidi damu inayokwenda kwenye figo, na dawa za mitishamba ambazo hakuna anayejua kipimo chake kwa mwili wa kilo kumi. Sisemi kila mti ni sumu. Nasema mtoto aliyekauka maji hana mahali pa kuitolea sumu yoyote. Malaria kali nayo huweza kufanya hivyo hivyo, hasa chembe nyekundu zinapopasuka kwa wingi na mkojo kuwa mweusi.

Halafu kuna dawa ya kikohozi. Tarehe 5 Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari baada ya watoto nchini Gambia, wengi wao chini ya miaka mitano, kuacha kukojoa na kufa kwa figo kushindwa. Waliokufa walifika 70 hivi. Sirapu walizokunywa zilikutwa na daiethilini glaikoli, kemikali ya viwandani yenye utamu, ya bei nafuu kuliko kiyeyushi halali cha dawa. Mwaka huo huo Indonesia ilipoteza watoto wengi zaidi kwa namna hiyo hiyo. Aprili 2024 Kenya, Tanzania na nchi nyingine ziliondoa sokoni kwa tahadhari toleo la sirapu moja ya watoto baada ya maabara ya Nigeria kuripoti kemikali hiyo. Mtengenezaji alisema vipimo vyake havikuiona. Wazazi waliuliza kama waache dawa zote. La. Ila kikohozi cha mafua ya kawaida kwa mtoto mdogo hakihitaji sirapu yoyote, na chupa inayouzwa bila boksi, bila namba ya toleo, mkononi mwa mchuuzi wa stendi, isimguse mtoto.

Mzazi atajuaje mkojo umepungua? Mtoto mchanga anayenyonya vizuri hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku. Nepi za kutupa zinaficha rangi na kiasi, kwa hiyo ipime uzito mkononi. Mtoto mgonjwa ambaye nepi yake ni kavu tangu alfajiri hadi adhuhuri apelekwe, asisubiri jioni. Figo zikigoma kabisa, tumbo lenyewe linaweza kutumika kusafisha damu: maji maalumu huingizwa tumboni kwa mrija, yanavuta taka kupitia utando wa ndani, kisha hutolewa. Kwa mtoto mdogo njia hii ni nyepesi kuliko mashine, haihitaji umeme, na hospitali ya KCMC, Moshi, wameitumia kuokoa wagonjwa. Wengi huihitaji kwa siku chache tu. Ile imani kwamba "akishaanza kusafishwa haachi tena" imewafanya wazazi wakatae kitu ambacho kingekuwa cha wiki moja.

Mawili ya haraka. Mtoto kikojozi, ambaye hajawahi kukauka usiku, kwa kawaida hana ugonjwa wa figo, na kumwaibisha mbele ya wenzake ni ukatili usiotibu kitu. Aliyekuwa amekauka mwaka mzima kisha akaanza upya ndiye wa kupimwa mkojo na sukari. Mwenye seli mundu ana sababu yake: ugonjwa huharibu mapema sehemu ya figo inayokoleza mkojo, kwa hiyo anakunywa sana na kukojoa sana, na akinyimwa maji usiku ili asikojoe kitandani anaweza kuingia kwenye maumivu makali. Na mgongo kuuma, ambako watu wazima hukuita "figo zinauma", kwa watoto si dalili ya kuitegemea. Magonjwa mengi niliyoyataja hayaumi popote.

Ndiyo maana mama wa mtoto wa nefrotiki hufundishwa kitu kimoja kabla ya kuruhusiwa wodini. Anapewa vijiti na kuambiwa anunue daftari la shule. Kila asubuhi, mkojo wa kwanza, anachovya, analinganisha rangi na zilizochorwa kwenye kopo, anaandika: hakuna, moja, mbili, tatu. Siku tatu mfululizo za "hakuna" maana yake tundu limeziba. Siku tatu mfululizo za "tatu" maana yake ugonjwa umerudi, na anapiga simu kliniki wakati uso wa mtoto bado ni mwembamba na hakuna jirani aliyesema kitu.